Daraja la Ndani ya Miwani

Nchi ninayoisimulia usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Haina jina, na watu wake si nyinyi. Ukiona waziri wake anafanana na mtu unayemjua, lawama ni zako mwenyewe, kwa nini unajuana na watu wa namna hiyo? Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao, na mwandishi wa kumbukumbu hana maoni. Anaandika kilichosemwa, anapeleka kwa mkubwa, mkubwa anafuta kilichosemwa na kuandika kilichopaswa kusemwa, kisha wote mnatia saini. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili na sikuwahi kuugua hata mafua.

Basi siku moja ikaamuliwa kwamba nchi yetu iunde gari lake yenyewe, na gari la kwanza liwe la wagonjwa. Uamuzi ulikuja baada ya picha moja kusambaa: mama mjamzito kalazwa kwenye kitanda cha kamba, na wanaume wanne wamekibeba juu ya vichwa huku maji ya mto yakiwafika kifuani. Picha hiyo ilimuudhi sana Mkuu wa Nchi. Aliyeipiga alitafutwa, akapatikana, akashughulikiwa. Suala la gari likafuata baadaye.

Kazi ilikabidhiwa Wizara ya Magari Yajayo, chini ya Mheshimiwa Dakta Kalumbete. Mheshimiwa alikuwa ndiyo kwanza karudi ziarani ughaibuni, ambako alionyeshwa jinsi magari yanavyobuniwa siku hizi kwa uhalisia pepe. Unavaa miwani minene usoni, na gari ambalo halijaundwa bado unaliona limesimama mbele yako. Unalizunguka, unafungua mlango, unaketi nyuma ya usukani. Ukiona mlango ni mwembamba unaupanua kwa kidole, kabla hata bati moja halijakatwa.

"Ndugu wananchi," alihutubia, "watangulizi wangu walitaka kuanza na chuma. Ukianza na chuma utakosea, na kosa la chuma linaonekana! Sisi hatutakosea, kwa sababu hatutagusa chuma mpaka mwisho."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Likajengwa jumba zima lenye zulia jekundu na viyoyozi kumi, na ndani yake hakukuwekwa kitu chochote isipokuwa miwani.

*

Mhandisi mkuu wa mradi aliitwa Siwatu Chanzi. Alizaliwa Ng'ambo, kijiji kilicho upande wa pili wa Mto Kijenzi, kulekule ilikopigwa ile picha. Mdogo wake wa tumbo moja, Mashavu, alikuwa bado anaishi huko na mama yao, na alikuwa na mimba ya miezi minne.

"Katibu," Siwatu aliniambia siku ya kwanza, "gari hili likiwahi, mdogo wangu atapanda gari. Lisipowahi, atapanda kitanda cha kamba. Mimi hiyo ndiyo ratiba yangu, hizo nyingine ni za kwenu."

Sikuliandika hilo, maana halikuwemo kwenye ajenda.

Lazima niseme kweli: ile miwani ilikuwa kitu cha ajabu mikononi mwa mtu anayejua kazi. Siwatu alimleta Bi. Havijawa, mkunga wa zahanati ya Ng'ambo, mama wa makamo asiye na muda wa maneno mengi. Akamvisha miwani katikati ya jumba tupu. Bi. Havijawa akapiga magoti juu ya zulia, akakunja mikono ya gauni, akaanza kumzalisha mtu ambaye hakuwepo.

"Mwanangu," akasema baada ya dakika mbili, "huu mtungi wa oksijeni unanigonga kiwiko. Na hii ndoano ya dripu mmemwekea nani, twiga?"

Siwatu aliusogeza mtungi palepale na kuishusha ndoano.

"Haya, sasa naweza kugeuka. Na mtoto nitamweka wapi? Akizaliwa njiani mnataka nimshike kwa meno?"

Kabla ya adhuhuri palikuwa na kitanda kidogo cha mtoto, kimefungwa mkanda, mkono wa kulia wa mkunga. Makosa ambayo karakana ingeyagundua baada ya kuchomelea na kubomoa miezi mitatu, yalirekebishwa chai ikiwa bado ya moto. Kisha Siwatu akalinyanyua gari: uvungu ukawa juu kiasi cha goti la mtu mzima, bomba la kupitisha hewa ya injini likapanda hadi kwenye paa ili maji yasiingie, na mbele akaweka winchi ya kulivuta gari likinasa. Lilikuwa gari la kuvukia mto. Nilifurahi mpaka nikasahau kuandika.

*

Ikaja zamu ya majaribio, na gari haliwezi kujaribiwa bila barabara. Mafundi wa kompyuta wakaiandikia Wizara ya Barabara kuomba vipimo vya barabara zote nchini. Wizara ya Barabara haikuwa na vipimo. Ilikuwa na taarifa za utekelezaji. Ikazituma zote, makasha sitini, zimefungwa kwa utepe wa rangi za bendera.

Mafundi walikuwa watiifu, wakaingiza kila kitu kama kilivyoandikwa. Barabara ya kwenda Ng'ambo: lami, asilimia mia moja. Daraja la Kijenzi: lilikamilika miaka tisa iliyopita, njia mbili za magari, reli za chuma, taa kila hatua kumi.

Mheshimiwa alikuja siku ya Jumatatu kuendesha. Akavaa miwani, akaketi kwenye kiti kilichofungwa usukani, na sisi wengine kumi na watatu tukamfuata tukiwa na miwani yetu, kila mtu nyuma ya aliyemzidi cheo. Alitoka Ng'ambo, akapita juu ya daraja, akafika hospitali ya wilaya kwa dakika kumi na moja. Alipovua miwani macho yalikuwa yamelowa.

"Jamani, nchi hii nzuri!" alisema. "Mbona sikuwahi kuiona?"

Kisha akalitazama tena gari, akakunja uso. Akauliza, kwenye lami namna ile, gari la nini limenyanyuka kama mtu anayeogopa kukanyaga tope? Bomba juu ya paa la nini? Hiyo winchi inamvuta nani? Akaagiza gari lishushwe, vikorokoro viondolewe, na kwa kuwa sehemu ya nyuma haikuwa na mahali pa mgeni rasmi, kitanda cha mtoto kitolewe na paletwe kiti cha ngozi.

"Mheshimiwa," Siwatu akasema, "daraja lile halipo."

Katibu Mkuu wa wizara ndiye aliyejibu, kwa upole wa kutisha.

"Mhandisi, unataka kusema taarifa ya serikali ni ya uongo?"

"Nasema nimezaliwa pale."

"Kuzaliwa si taaluma."

Siwatu akaomba basi hitilafu hiyo iandikwe. Hapo inabidi niwaeleze utaratibu wetu. Tulikuwa na Kitabu cha Hitilafu, na kila hitilafu ilikuwa na nafasi ya saini ya mkubwa aliyeiona. Hitilafu iliyoonwa na mdogo peke yake haikuwa hitilafu, ilikuwa utovu wa nidhamu. Utaratibu huo ulitusaidia sana, kwa sababu wakubwa wetu walikuwa hawaoni kitu.

*

Siwatu hakubishana. Akaondoka na kamera na vifaa vya kupimia, akatembea barabara ile yote kwa miguu. Alipima kila shimo. Alipima mto, kina chake, na mawe yake. Alhamisi asubuhi alikuwa amekwisha kuyaingiza yote kwenye kompyuta, na akamwalika Mheshimiwa aje aone mabadiliko.

Mheshimiwa alikuja akijua anakwenda kukiona kiti cha mgeni rasmi. Akavaa miwani, akawasha gari. Sisi tulikuwa tunatazama kwenye skrini ukutani. Gari lilikuwa lilelile alilolishusha yeye. Hatua ya arobaini likaingia shimoni, tukamwona anaruka kwenye kiti. Akaongeza mwendo, kama wafanyavyo watu wasioendesha wenyewe. Akafika mtoni, lami ikakatika, na gari likatumbukia.

Maji yalipopanda kwenye kioo, Mheshimiwa alijitupa chini kwenye zulia akaanza kuogelea.

"Nakufa!" alipiga kelele. "Niokoeni! Mimi ni waziri!"

Walinzi wake wawili hawakusubiri kufikiri. Mmoja alivua viatu, akavuta pumzi, akajirusha kichwa mbele kumfuata. Alipoteza meno mawili kwenye sakafu na baadaye akapewa nishani. Walipomvua Mheshimiwa miwani alikuwa mkavu, isipokuwa kwa jasho, na zulia limemchubua kidevu.

Siwatu akapiga goti kando yake, akafungua Kitabu cha Hitilafu, akampa kalamu.

"Mheshimiwa, sasa umeiona. Tia saini. Nirudishie gari langu juu, basi."

Mheshimiwa akaitazama kalamu, akatutazama sisi tuliomwona akiogelea kwenye zulia.

"Nani," akauliza, "ameondoa daraja?"

*

Siwatu alishtakiwa kwa kubomoa Daraja la Kijenzi, mali ya umma.

Msinicheke. Ushahidi ulikuwa mzito. Jumatatu daraja lilikuwepo, na watu kumi na wanne wenye vyeo, akiwemo waziri, walilipita na kuziona taa zake. Alhamisi halikuwepo. Katikati ya siku hizo, mtu pekee aliyeigusa kompyuta alikuwa mshtakiwa. Hakimu alikwenda kuzuru eneo la tukio bila kuondoka kitini. Alivishwa miwani, akageuza shingo kushoto na kulia, akasema uharibifu ni mkubwa sana na anasikitika kama mzazi.

Bi. Havijawa alikuja kutoa ushahidi, sketi bado mbichi kwa maji ya mto.

"Unavukaje kwenda mjini?" wakili wa serikali alimuuliza.

"Kwa miguu. Nguo kichwani, maji hapa," akaonyesha kifuani.

"Kwa hiyo unakiri hujawahi kutumia daraja."

"Nitalitumiaje, baba, na halipo?"

"Mheshimiwa Hakimu, shahidi hajawahi kutumia daraja, kwa hiyo hana analolijua kuhusu daraja. Ashuke."

Hukumu ilikuwa ya huruma. Miaka mitano, au alirejeshe daraja ndani ya siku saba. Kulirejesha ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja tu. Nilipelekwa mahabusu kumbembeleza, maana nilionekana mtu mpole.

"Bonyeza, mwanangu, utoke," nilimwambia. "Kitufe tu hicho."

"Nikibonyeza, kesho wanaunda lile gari fupi na kulipeleka kwetu. Mashavu ana miezi saba sasa, Katibu. Kwa gari lile hawezi kuuvuka mto." Aliinamisha kichwa, kisha akaniangalia usoni. "Wewe uliliona likizama. Umeandika?"

Nilimwambia kumbukumbu bado zinapitiwa.

Hakubonyeza. Aliyebonyeza nilikuwa mimi. Niliamriwa, kitufe kilikuwa karibu, na taa za daraja zikawaka tena zote pamoja.

*

Gari likaundwa, sasa kwa chuma, jinsi lilivyoonekana kwenye miwani. Lilikuwa zuri, jeupe, fupi. Siku ya kulikabidhi, Mkuu wa Wilaya alitangaza kwamba enzi ya aibu imekwisha, akaamuru kile kitanda cha kamba kivushwe kiletwe mbele ya wageni, kikachomwa moto. Kilikuwa kitanda kikavu, kikaungua haraka. Bendi ikapiga.

Mwezi uliofuata, Jumanne asubuhi, baada ya mvua ya siku mbili, Mashavu alishikwa na uchungu na damu ikaanza kumtoka. Bi. Havijawa akapiga simu. Gari likaja kwa king'ora hadi ukingo wa huku, likasimama. Dereva akapiga honi, kana kwamba mto ungepisha. Ng'ambo walitafuta kitanda wakakumbuka kimechomwa. Wakang'oa mlango wa nyumba ya mama yake, wakamlaza Mashavu juu yake, wakavuka naye maji yakiwafika shingoni. Wakampakia. Gari likaenda hatua kama arobaini, na kwa uzito wa watu waliopanda likakalia tumbo kwenye shimo la kwanza, lile lililopitika kwa shida wakati wa kuja, magurudumu yakizunguka hewani. Na winchi haikuwepo.

Bi. Havijawa alimzalisha humohumo. Mtoto alitoka hai, wa kike. Hapakuwa na mahali pa kumweka, akamlaza kwenye kiti cha mgeni rasmi. Kisha akamgeukia Mashavu, akipambana na damu kwa mikono miwili, na watu ishirini nje wakisukuma gari. Mashavu alikufa kabla ya saa sita. Siwatu hakuruhusiwa kuja kuzika, kwa kuwa wabomoaji wa madaraja ni wafungwa hatari.

Haya nimeyapata kwa Bi. Havijawa mwenyewe, aliyekuja ofisini akaniambia yote akiwa amesimama, akakataa kiti. Mezani kwangu kulikuwa na karatasi iliyotoka kwenye mtambo wa gari, ule uliolishwa barabara zetu za taarifa. Ilisema: safari moja, Ng'ambo hadi hospitali ya wilaya, dakika kumi na moja, mgonjwa amefika. Nilitakiwa kuinakili kwenye kumbukumbu, na niliinakili, mwandiko safi. Nilipomaliza nilikwenda chooni nikatapika. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuugua, na sijapona mpaka leo, na sitaki kupona.

*

Siku ya tatu ya tanga Mheshimiwa alikwenda kutoa pole. Alikwenda na waandishi wa habari, na alikwenda na miwani ndani ya sanduku la mahameli, ili mama wa marehemu avishwe aone kwamba, kwa mujibu wa mtambo, mwanawe alifika salama. Nilikuwepo na daftari langu.

Msafara ulisimama ukingoni. Mto ulikuwa umefura, umebeba matawi. Upande wa pili tuliona watu wameketi chini ya turubai. Bi. Havijawa alivuka kuja kutupokea, akasimama mbele ya Mheshimiwa huku maji yakimchuruzika hadi kwenye viatu vya waziri vilivyong'arishwa.

"Mwiteni mama mfiwa aje," Mheshimiwa akasema.

"Haitwi, Mheshimiwa," Bi. Havijawa akajibu. "Kwetu mfiwa hafuati pole barabarani. Pole inapelekwa ndani, unavua viatu, unakaa mkekani. Amesema anakungoja. Ukitaka, wanaume wapo hapa, watakubeba mabegani kama tunavyobebana sisi."

Wapiga picha wakaziinua kamera zao. Katibu Mkuu akamnong'oneza Mheshimiwa kitu, na nilikuwa karibu nikakisikia: kubebwa ni kukiri kwamba daraja halipo, na kugeuza gari mbele ya msiba, kwenye kamera, ni kubaya zaidi. Mheshimiwa akafikiri. Halafu akatabasamu, akafungua sanduku la mahameli.

"Wananchi wenzangu," aliwaambia waandishi, "uvumi umekuwa mwingi. Leo nitauzika hapahapa."

Akavaa miwani. Uso wote ukamchangamka.

"Si hili hapa! Njia mbili! Jamani, na taa zinawaka mchana!"

Akapiga hatua. Hatua ya pili maji yakamwingia viatuni, akasita, mguu mmoja hewani.

"Mbona kuna baridi?" akauliza.

Katibu Mkuu alikuwa anaangalia simu yake. Walinzi walitazamana, na yule mwenye nishani akaziba mdomo kwa kiganja. Mheshimiwa akageuza ile miwani kuelekea kwetu, asituone, akaniita mimi, kwa sababu miaka yote nilikuwa ndiye wa kuthibitisha.

"Katibu! Daraja lipo?"

Nilimtazama Bi. Havijawa. Nilikikumbuka kitufe, jinsi kilivyokuwa laini. Nilikuwa na hasira, nasema wazi, hasira ya miaka ishirini na miwili, na sehemu kubwa yake ilikuwa yangu mwenyewe juu yangu mwenyewe.

"Lipo, Mheshimiwa," nikamjibu. "Limeandikwa lipo. Wewe nyoosha tu mbele."

Akanyoosha. Nikafungua daftari, nikatazama saa, nikaandika: Saa nne na dakika ishirini, Mheshimiwa ameanza kulivuka Daraja la Kijenzi. Safari hii mkubwa wa kunifutia ndiye aliyekuwa anaingia mtoni.